King Air B200 ya mtumba: miezi minane tukiwa nayo uwanja wa Kisongo, Arusha

Wenzangu walicheka niliposema tunanunua ndege ya mtumba. Leo ndio hao wanaoniomba lifti ya Mwanza.

Kabini ina mgandamizo wa hewa, kwa hiyo mawingu ya Ngorongoro tunayapita kwa juu na chai inabaki kikombeni. Kusimama wima sahau: dari liko sentimita 145, naingia nimeinama kama naingia nyumba ya Kimasai.

Ila msidanganywe na rangi mpya na viti vya ngozi. Injini zake mbili, PT6A-42, hutakiwa kufumuliwa zikifikisha saa 3,600 za kuruka, na bili yake inaumiza. Dalali aliniapia ziko "mbichi kabisa". Fundi wetu akashinda na vitabu vya matengenezo kutwa nzima, kisha akaninong'oneza, "Mzee, ya kulia imebakiza saa 400 tu." Bei ikashuka hapo hapo. Dalali naye hapokei simu zangu tena.

Kisongo iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu huko ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi, ndege ikapaa kwa shida. Saa nane mchana, jua kali, mmejaa na mafuta tele, rubani atawashushia mizigo. Sisi huondoka saa moja asubuhi.