Mtu analia mamake, yeye anahesabu vidole

Ukitafuta kundi la watunzi hapa Mombasa, nenda popote ila kwa hawa wa Mji wa Kale wanaokutana Jumamosi baada ya Alasiri. Naandika hasira zingali moto, mniwie radhi.

Mchango wao ni shilingi 200 kwa mwezi. Kahawa chungu ipo, mahamri yapo, upepo wa bahari ndio usiseme. Hayo sina neno nayo. Neno langu ni la siku ile, kabla ya Ramadhani kidogo, au labda mfungo ulikuwa umeshaisha, sikumbuki vyema.

Nilivuka feri kutoka Likoni na shairi la marehemu mama. Wiki nne nalitunga, nalifuta, nalitunga. Nikasimama kulisoma, sauti yenyewe yatetemeka, nikafika ubeti wa pili: "Leso yako ninayo, harufu haijatoka." Jicho la pembeni lamwona mzee mmoja, sote twamwita Maalim, anagonga vidole juu ya goti. Kimoja, kimoja. Kisha akapaza sauti:

"Saba! Ukwapi una saba, mwanangu. Guni hilo."

Yaani nusu ya kwanza ya mshororo, ndiyo ukwapi, ina silabi saba badala ya nane; na shairi lililokosea mizani, hiyo hesabu ya silabi, ndilo guni. Wawili watatu wakacheka. Kina mama walioketi nyuma wakainamia vikombe vyao. Mimi nikakunja karatasi nikaketi, na beti nne zilizobaki hakuna aliyezisikia mpaka leo.

Maalim huyu hatembei bila kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kile cha 1954. Hukibana kwapani, nadhani ndiko anakotoa hizo kwapi zake. Kijana mmoja wa Bamburi alileta shairi huru, lisilofuata vina wala mizani, akaulizwa kama ile ni barua ya posa. Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, 1974! Habari hazijavuka Nyali, au vipi? Kijana hakurudi tena, nami niliapa sirudi.

Usiku ule nikahesabu mwenyewe, nipate la kumtolea aibu. Le-so-ya-ko-ni-na-yo. Saba. Nikarudia polepole, nikarudia mbio. Saba vilevile. Mizani haina haya.

Wiki iliyofuata sikwenda. Iliyofuata tena, sikwenda. Halafu ukaja ujumbe kwenye simu kutoka kwa Maalim, hauna salamu wala samahani, maneno matatu tu: "Lesoyo ningali nayo."

Nane. Lakini si nane iliyonikalisha jikoni mpaka wali ukaungua. Mimi niliandika "ninayo", kama mtu aliyeulizwa na askari kama ana kitambulisho. Yeye kaandika "ningali nayo": miaka imepita, watu wameshasahau, mimi bado sijaiachilia. Ndilo nililotaka kusema wiki zote nne na sikulipata, akalipata mzee asiyemjua mama wala leso yake.

Na hapo ndipo hasira ziliponipanda upya, tena zaidi ya mwanzo. Kumbe alisikia! Kumbe alikuwa anasikiliza maneno, si silabi peke yake! Basi lipi lilimzuia kunivuta kando watu wakishatawanyika, akaniambia, "Binti, hapa pana mlemavu, tumtie gongo"? Mpaka anitangaze guni mbele ya watu na kahawa mkononi?

Nilisema msiende. Haya, nendeni, lakini si na shairi la msiba, labda la kumsifu paka. Au nendeni nalo, kwa sababu ukweli ni kwamba makundi mengine mawili niliyopitia yalinipigia makofi tu, na mshororo wangu ulikuwa na kilema muda wote huo.

Mchango wa mwezi huu nimeshalipa. Jumamosi nitausoma ule ubeti wa pili na zile nne zilizobaki, sharti Maalim aikalie mikono yake.