HEC-HMS: raha ya kufanya kazi na nodi zake

Kwa modeli za mito bado sijapata programu inayonipa raha ya nodi (vituo vinavyounganishwa kuunda mtandao wa mto) kama HEC-HMS, programu ya kukokotoa mvua inavyogeuka mtiririko wa mto, ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, tena ni ya bure. Bonde dogo, bwawa, mchepuko, makutano: kila nodi ina alama yake, unaiweka kwenye ramani na kuiambia maji yaende wapi.

Makutano hayana makuu, yanajumlisha tu maji yanayoingia. Lakini yabofye baada ya kuendesha modeli: utaona mchoro wa kila tawi na jumla yake, na hapo ndipo mchawi wa mafuriko anapojulikana.

Kazi iko kwenye vipande vya mto vinavyounganisha nodi. Ukitumia Muskingum, njia ya kukokotoa wimbi la mafuriko linavyoshuka mtoni, K ni muda wa wimbi kusafiri kwenye kipande hicho. X huanzia 0, ambapo kilele hupungua zaidi, hadi 0.5, ambapo hakipungui. Wengi hujaza 0.2 na kusonga mbele (uvivu tu huo).

Majina ya namba ambayo programu huzipa nodi yabadilishe mapema. Nikitaka kina cha maji, nahamia HEC-RAS, programu dada yake.