Kine ya hospitali hapa Bukavu na ngazi 43 za kwetu

Naandika hii juu batu wengi hapa Bukavu, na mimi nilikuwa kati yabo, tunajua hospitali ni docta, sindano, labo na kesi (pale banalipia), basi; kine, yule wa mazoezi ya kurudisha viungo, hatumujui. Mama yangu alipata AVC (kiharusi) mwezi wa ine, mukono na muguu wa kuume vikalala, kinywa kikaenda upande, tansio (presha ya damu) ilikuwa juu mpaka infirmie akapima mara mbili juu hakuamini mashini yake. Tulilala siku 11. Docta alifanya kazi yake, sina neno naye. Lakini siku ya kutoka balitupatia fakture, ordonanse ya dawa za tansio, na "murudie kisha mwezi moja". Mutu wa kutuambia mama atatembea namna gani, hapana.

Sasa kwetu ni Cimpunda, kartie moja ya hapa Bukavu. Mwenye anajua Cimpunda ameshaelewa. Motari anakuacha ku barabara, kisha unashuka ngazi 43 (nilizihesabu siku ile), zingine za simenti, zingine ni udongo na mawe yenye batu walipanga tu, mvua ikinyesha unaomba Mungu. Mudogo wangu akabeba mama ku mugongo, mimi nyuma nashikilia kiuno, majirani bamesimama ku milango banaangalia. Mama hakusema kitu, machozi tu.

Mwenye alituokoa siyo docta, ni mama mumoja mwenye anapangusa koridori. Tulirudia kutafuta dawa moja yenye tulikosa inje, akatuuliza: "Na kine mulishaenda?" Kine gani? Akatuonyesha kanyumba nyuma kabisa, pale banaanika mashuka. Hospitali ile ile yenye tulilala siku 11!!

Ndani usifikiri utaona mambo makubwa. Vyuma viwili virefu vya kushikilia ukitembea katikati, kitanda cha plastiki yenye kupasuka, kamba na puli juu ku plafon, baiskeli yenye haina magurudumu, kioo kirefu. Basi. Na kijana moja mwenye blouse nyeupe, njo kine mwenyewe.

Kitu ya kwanza alifanya ni kutukataza. Siye kila asubui tulikuwa tunainua mama kwa kuvuta mukono ule wenye kugonjwa, tunavuta kabisa, yeye analia tunasema ni ugonjwa. Kine akashika kichwa. Akatueleza kama nyama zenye zinashikilia bega zimelala, ukivuta, mufupa unaanza kutoka mu nafasi yake, na maumivu ya bega inaweza kukaa miezi na miezi. Akafunga kitambaa kiunoni mwa mama, akaweka goti lake mbele ya goti la mama, akamwambia: "Mama, inama mbele, pua ipite vidole vya miguu, kisha simama." Na mama akasimama. Miguu inatetemeka sawa ya mutoto wa mbuzi lakini amesimama, na anajiona mu kioo. Mi nilitoka inje kidogo.

Kisha akauliza swali yenye hakuna mutu mu ile hospitali alikuwa ametuuliza: "Kwenu kuko namna gani?" Mudogo akacheka, akasema papa, kuko ngazi 43. Akaandika 43 ku fishi (karatasi ya mugonjwa), kweli kabisa, niliona. Kuanzia juma ya tatu akawa anapeleka mama ku ngazi sita za pale maternite. Kupanda, muguu muzima unatangulia. Kushuka, wenye kugonjwa njo unatangulia. Na fimbo inashikwa ku mukono muzima, siye tulikuwa tunafikiri ni upande wa ugonjwa. Mama akaifanya sawa wimbo, hata ku nyumba unasikia "muzima juu, mugonjwa chini" anajisemea peke yake, na maneno yenyewe ilikuwa ingali inamukatalia.

Mutu wa lishe naye alikuwa muzuri, ila karatasi yake ya kwanza iliandikwa saumon na brokoli. Mama akauliza, hii inauzishwa Kadutu? Yule dada akacheka akakata yote na kalamu, tukaandika upya pamoja: sambaza (samaki ndogo za ziwa), lengalenga, maharagi, chumvi kidogo sana, makayabo (samaki ya chumvi) tuache, na Maggi pia tuache. Hiyo ya Maggi ndo imetuuma nyumba nzima.

Mabaya? Yako. Seansi 10 000 franc, mara tatu kwa juma, ukiongeza moto (pikipiki) ya kuenda na kurudi inakuwa moto njo inakula kuliko kine. Mituele yetu (bima ya matunzo) ilisema kine haimo. Kesi sitaki hata kuzungumuza, mara mbili balitukatalia dola juu ilikuwa na kakipande kamepasuka sawa ukucha, na mugonjwa ameketi pale, tukarudia nyumbani bure. Kine ni mutu moja tu, siku aliitwa mafunzo juma mbili, hakuna mwenye alimusimamia. Sikoloji kuko karatasi ku mulango, nimepita mara ine, kufuli. Tansio siku hizi tunapimisha ku sante (kituo cha afya) ya karibu, na reko (mutu wa kujitolea wa afya) wa avenue yetu anapita kuangalia kama mama anakunywa dawa, huyo halipwi kitu na njo mwenye hakosi.

Mwezi wa tisa, siku ya yenga, mama alipanda zote 43 kuenda misa. Ku ya 20 jirani akatoa kiti, akapumuzika, akaendelea. Tulifika misa iko karibu kuisha. Mukono bado, kikwembe tunamufungia.

Kine ninampa 4 ku 5, kesi 1. Kama muko na mugonjwa wa AVC muulize kine mungali ku kitanda, musingoje mama wa kupangusa. Mufike saa moja na nusu juu namba inaisha mbio, na dola yenu muiangalie vizuri pembe zote ine.