Paa la nyumba: ulitengeneze ukiwa kazini au usubiri mkupuo?

Mtumishi wa umma Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa hiari akifika miaka 55, kwa lazima akifika 60. Wengi huniuliza: nyumba itengenezwe lini?

Ukianza ukiwa kazini, unakwenda kidogo kidogo: mwezi huu bati tano, mwezi ujao mbao za kenchi. Inachosha, na fundi akiondoka katikati humpati tena kirahisi. Lakini mshahara ujao unaziba pengo, na bado una nguvu za kupanda ngazi ukague mwenyewe kutu kwenye matundu ya misumari. Doa la rangi ya chai darini ni dalili ya paa kuvuja; ukiliacha masika mawili tu, mbao inaweza kuwa imeoza.

Ukisubiri mkupuo, yaani fedha unazolipwa kwa mara moja ukistaafu, kazi inakwisha kwa wiki mbili. Ila mkupuo ni sehemu tu ya mafao. Iliyobaki huja kama pensheni ya kila mwezi. Malipo yakichelewa, mvua haichelewi.

Mimi nasema paa na mabomba vitangulie, kwa mshahara, bila mkopo unaovuka tarehe ya kustaafu. Rangi na vigae vinaweza kusubiri.