Nilipeleka osiloskopu Kariakoo, wakaitibu fyuzi

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika ili hasira ipoe. Haijapoa.

Nina osiloskopu, mashine ya kuchora mawimbi ya umeme kiooni, ya Tektronix 465, aina iliyotoka mwaka 1972. Kongwe, lakini mstari wake ukitulia kiooni unasahau kila kitu. Ikaanza kukata fyuzi. Unawasha, tap, giza. Ya tatu ilipokwenda nikajua pawa saplai, sehemu inayoigawia mashine umeme, ina shoti mahali, na macho yangu ya sasa si ya kulehemu tena. Nikaipakata kwenye daladala toka Mbagala, kilo 10 hivi, kama mtoto mgonjwa, mpaka duka hili la ufundi Kariakoo.

Mwenye duka hata shikamoo hakunipa. Silazimishi, ila mvi zangu alikuwa anaziona. Kesho yake akapiga: “Mzee, njoo uchukue mzigo wako, umepona.” Nikalipa 60,000. Nikauliza mbona taa inawaka lakini mstari hauonekani? “Mstari utakuja mashine ikipata moto.”

Ikapata moto kweli. Nyumbani hazikupita dakika 5, harufu ya vanishi ya transfoma ikajaa sebule nzima. Nikachomoa plagi mbio, nikafungua kifuniko cha fyuzi kule nyuma. Fyuzi yangu ileile iliyokufa, imezungushiwa uzi wa shaba! Yaani mgonjwa analia tumbo, wewe unamziba mdomo. Transfoma ile haiuzwi popote mjini hapa. Ikiungua, ndiyo basi.

Nikarudi nayo. Alichonijibu nakiandika kama kilivyo: “Mzee, si ulisema inakata fyuzi? Sasa hivi inakata?”

Nikakosa la kusema. Akaona haitoshi, akapaza sauti duka zima lisikie kwamba hicho ni chuma chakavu, nikakipimishe kwa kilo.

Ningeishia hapo nyota ingekuwa moja, tena kwa sababu sifuri haipo. Lakini pale ndani kuna kijana anayejifunza kazi. Alinisikia nikifoka, akaja, “shikamoo mzee,” akavuta kibao chake cha siriz: balbu ya nyuzi ya wati 60, zile zilizoanza kuadimika, umeme unapita kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye mashine. Akatoa ule uzi, akaweka fyuzi ya kweli, akawasha. Balbu ikang'aa kwa nguvu zote na haikufifia. “Shoti hiyo, mzee.” Kwa mashine isiyo na shoti ingemulika kidogo tu, kapasita (vile vihifadhi chaji) zikijaa inafifia.

Akazima, akasubiri kapasita zimalize chaji (bosi wake hilo angelijua?), akashika mita, akapima madaraja ya dayodi, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, moja baada ya jingine. Moja likaliza mita pande zote mbili. Akalitoa, akaweka jipya, balbu ikafifia. Kisha akapima volti, akaanza na ile ya 55. Nilipomuuliza kwa nini hiyo, akasema nyingine zinaiangalia hiyo, ikiyumba zote zinayumba. Sikumfundisha mimi! Mstari ukatokea, kijani, umenyooka.

Basi nikasema nyota nne. Bosi akaja, akautazama ule mstari, akadai 25,000 ya dayodi. Elfu ishirini na tano! Juu ya 60,000 ya uzi wa shaba! Halafu, sikutanii, akauliza: “Mzee, hii unauza?”

Nyota moja. Au mbili, sijui, kijana hana kosa. Msiende. Mkienda, simameni pale mpaka mashine ifungwe skrubu ya mwisho, na kifuniko cha fyuzi mfungue wenyewe kabla hamjatoa hela.

Mimi nimerudi juzi, na pawa saplai yangu ya mezani, kongwe nayo. Nikakaa kwa muuza kahawa ng'ambo ya barabara hadi bosi alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, ndipo nikaingia.