Vichaka Vifupi vya Maua: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Kitaluni

Kabla hujauliza jina la mmea, ukague ufupi wake. Vichaka vingi vya vyungu hupewa dawa ya kudumaza ili vikae vimebanana na kupendeza macho. Dawa ikiisha nguvu, mmea unarudi kwenye kimo chake cha asili. Ulitaka cha kufika magotini, baada ya muda kinachungulia dirishani. Tazama tawi lenyewe. Ukiona pingili fupi fupi chini, halafu machipukizi mapya juu yana pingili ndefu, ujue dawa inaisha. Kichaka kifupi kwa asili pingili zake zinalingana tangu chini hadi juu, na mara nyingi hata majani yake ni madogo.

Kipandikizi cha tawi hufuata tabia ya mama yake, kwa hiyo huna haja ya kubeba miche ishirini. Nunua mmoja ulio mfupi kwa asili, ukapandikize mwenyewe. Mpangilio wangu unafuata hilo: ufupi wa kweli, maua, na wepesi wa kuzalisha.

Namba moja ni iksora ndogo, jamii moja na kahawa. Majani yake yanang'aa, maua huja kwa vishada vyekundu, vya waridi, vya manjano au vya rangi ya chungwa, na kichaka huishia karibu mita 1 au chini yake. Inataka jua, joto na udongo wenye tindikali. Usiipande kandokando ya ukuta wa saruji: chokaa inayochujuka inapunguza tindikali, mmea unashindwa kupata madini ya chuma, na majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Watu huongeza maji wakidhani una kiu.

Kuizalisha, chagua tawi lisilo na ua, ambalo ganda lake ndiyo kwanza linaanza kuwa kahawia. Kata kipande cha sm 10, chini kidogo ya kifundo. Pukutisha majani ya chini, bakiza jozi mbili juu, na kama ni makubwa yakate nusu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mwagilia, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Hapa subira inahitajika, maana mizizi huchukua wiki kadhaa. Ukivuta taratibu na kipande kikakataa kutoka, kimeshika.

Namba mbili ni Euphorbia milii, kile kichaka cha miiba chenye asili ya Madagaska. Kwa bustani ya jua kali na mwagiliaji mvivu, ningekipandisha kiwe cha kwanza. Hutoa maua karibu mwaka mzima, ingawa ukame ukizidi hupukutisha majani. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo vaa glavu. Vipandikizi vyake usivifunike plastiki: viache vikauke jeraha siku chache ndipo uvichomeke, la sivyo vinaoza.

Gadenia naiweka ya tatu, na harufu yake pekee ingetosha kuipa nafasi ya juu zaidi kama isingekuwa na madeko. Unyevu ukiyumba, inaangusha vitumba. Tafuta aina ya kutambaa iitwayo Radicans, inayokaa chini ya sm 60. Kwenye udongo wenye minyoo fundo, vile vijinyoo vinavyotia mizizi vinundu, nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la aina nyingine linalovumilia minyoo hiyo. Ila kumbuka kwamba kipandikizi utakachokata juu kitaota mizizi yake mwenyewe, na kinga ile inabaki kwa mama.

Azalea ni ya nne, kwa wenye hali ya ubaridi tu. Uliza kama ni ya kijani mwaka mzima, kwani nyingine hupukutika. Mizizi yake iko juu juu: usiizike kina, iwekee matandazo. Majani yana sumu, mbuzi wasiyafikie.

Ya mwisho ni hibiskasi ya chungu. Maua mazuri, sibishi, lakini ndiyo inayodumazwa kwa dawa mara nyingi. Inunue kama unapenda kushika mkasi. Olianda sikuipa hata namba, kwa sababu sehemu zake zote zina sumu kali; penye watoto au mifugo, ipite.

Ukishachagua, geuza majani utafute vidung'ata, vile vidudu vya unga mweupe kama pamba. Chukua mche wenye vitumba vilivyofumba kuliko uliochanua wote. Kisha omba uutoe chunguni. Mizizi ikiwa imejizungusha mpaka imefanya kuta, rudisha, hata kama umepunguziwa bei.