Joto la Mwanza: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Ushauri mwingi kuhusu viyoyozi umeandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam, ambako usiku wa Januari joto linakesha na watu. Mwanza ni habari nyingine. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kuelekea alfajiri nje kwa kawaida hushuka chini ya nyuzi 20. Ukitokwa jasho saa nne usiku ukiwa Nyakato au Buhongwa, usiilaumu hewa ya nje. Ni bati lililochomwa na jua tangu asubuhi. Kama nyumba imejibana kwenye majabali ya Igogo au Mabatini, mawe nayo yanaendelea kutema joto jua likishazama. Ndiyo maana kiyoyozi hakianzi kwenye orodha yangu.

1. Silingi, foili na wavu

Nyumba isiyo na silingi haipozwi, inapepewa tu. Jipsamu au silingi bodi ya kawaida inatosha, mradi juu yake hewa ipate pa kutokea: acha matundu kwenye pembe za paa, uyazibe kwa wavu ili popo wasihamie. Ukiwa bado unaezeka, tandika foili chini ya bati. Sharti lake ni moja na mafundi wengi hulipuuza: foili inarudisha joto ikiwa tu kuna nafasi ya hewa kati yake na kitu kilicho mbele yake. Ikigusana na bati, joto linapita kama kawaida na hela yako imekwenda.

Madirisha nayo yaangaliwe. Aluminiamu ya kusukuma, ambayo sasa iko kila mahali, hufunguka nusu tu. Kama bado hujaagiza, upande unaotazama ziwa weka dirisha la kufunguka lote, maana mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu. Wavu uwe wa matundu madogo. Wa mbu unazuia mbu, lakini wale wadudu wa ziwani wanaojazana kwenye taa huko Kirumba na Bwiru wengine ni wadogo kiasi cha kupenya.

2. Panga boi

Hili ndilo ninalompendekezea karibu kila mtu. La kawaida linakula wati 70 hivi. Ukiliwasha kwa muda wa saa nane kila usiku, mwezi mzima ni uniti 17. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 6,000. Siku hizi yapo yenye mota isiyo na brashi, yanayotumia wati 30 hivi na kuja na rimoti. Bei yake dukani iko juu, ila kwa anayewasha usiku kucha, au anayetegemea sola, yanalipa.

Ukinunua, liinue mkononi. Mota nyepesi kupita kiasi huwa na shaba kidogo au aluminiamu ndani, na huchemka mapema. Panga likianza kuzunguka kivivu baada ya miaka miwili, usikubali kuuziwa jipya kabla fundi hajabadilisha kapasita, kidude cha bei ndogo sana.

Feni ya kusimama inashika nafasi hii hii kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa dari. Ya kuchaji nunua kwa ajili ya siku umeme unapokatika, siyo iwe feni yako ya kila siku. Betri yake haitafika mbali.

3. Kiyoyozi cha inveta, BTU 9,000

Kuna nyumba kinahitajika kweli: yenye mgonjwa, ghorofa ya juu inayopigwa na jua la jioni, anayefanya kazi chumbani mchana, au iliyo kando ya baa ambako dirisha halifunguliki kwa kelele. Hapo nunua, lakini kwa hesabu.

Chumba cha futi 10 kwa 12 chenye silingi kinatosheka na BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ile wauzaji wanayoiita "hosi pawa moja". Muuzaji atakwambia, "Bosi, chukua moja na nusu kabisa, usije ukajuta." Kubwa kupita chumba inapoza haraka na kujizima kabla haijakausha unyevu, unabaki na baridi yenye majimaji. Inveta yenyewe haijizimi na kuwaka kila mara, inapunguza mwendo, na kwa usiku wa saa nane inaweza kula uniti 3 hivi. Isiyo ya inveta ya ukubwa huo huo hufika 4 au 5.

Kwa wateja wadogo wa TANESCO kuna jambo zito zaidi. Bei nafuu ya shilingi 100 kabla ya kodi ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 3 kwa usiku ni 90 kwa mwezi. Kiyoyozi peke yake kimeshakutoa kwenye kundi hilo, na friji, taa na pasi utavilipia bei ya juu.

Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya rangi maalumu ya kuzuia kutu ya chumvi, mkumbushe kwamba Ziwa Victoria halina chumvi. Hela hiyo iende kwenye kifaa cha kulinda umeme, kile kinachokata umeme ukiyumba na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha.

Siku ya kufunga, simama pale. Fundi anatakiwa kuvuta hewa kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu kabla ya kufungulia gesi. Akisema "mkuu, tunaisukuma tu na gesi kidogo, inakaa sawa", mtafute mwingine, kwa sababu hewa na unyevu vinavyobaki ndani vinaua kompresa taratibu. Bomba la kutolea maji literemke moja kwa moja, bila kona ya kupanda.

Vya kuacha

Kipoza hewa cha kutia maji kinafaa Dodoma kwenye ukavu. Kando ya ziwa, ndani ya chumba kilichofungwa, kinakuongezea mvuke. Kiyoyozi cha kubeba chenye bomba la dirishani kinafukuza hewa nje, na hewa ya moto inaingia kupitia kila upenyo kuziba pengo lake.

Kiyoyozi cha mtumba cha gesi ya R22 sikishauri hata kwa bei ya kutupa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeachana na R22 ifikapo 2030, zikibakiwa na kiasi kidogo cha matengenezo. Na huwezi kujazia R32, gesi ya viyoyozi vipya, ndani yake: mgandamizo ni tofauti, tena R32 inaweza kushika moto.

Na maji ya moto?

Mwanza hatununui mashine ya kupasha nyumba. Kinachonunuliwa ni hita ya kuogea ya papo hapo, kwa ajili ya asubuhi za Juni na Julai. Ya kilowati 5 kwa dakika sita inakula nusu uniti. Ifungwe na waya wake mnene na ethi (waya wa ardhini) inayofanya kazi. Bila ethi usiifunge kabisa.

Matunzo

Chujio za ndani za kiyoyozi osha kila mwezi, mwenyewe, kwa maji ya kawaida. Mashine ya nje isikae karibu na taa inayowaka usiku: wadudu wa ziwani hufia kwenye mapezi yake, wakakauka na kuziba hewa. Maji yakidondoka ukutani ndani ya chumba, mara nyingi bomba la kutolea maji limeziba, siyo gesi iliyoisha. Na fundi anayekuja kuongeza gesi kila mwaka muulize inavujia wapi, kwa sababu mfumo uliofungwa vizuri haupungukiwi na gesi.